Nimewahi foleni, mbona yeye ameanza?

Ujumbe ulinikuta kwenye daladala nikitoka Njiro: "Kaka, kazi yangu iko foleni tangu Ijumaa. Mbona fulani ameweka yake jana usiku na imeshaisha?" Nilicheka peke yangu. Miezi michache nyuma hatukuwa hata na foleni ya kulalamikia.

Klasta yetu, yaani kompyuta zilizounganishwa kwa ajili ya hesabu nzito, ni ndogo: seva sita, kila moja tunaiita nodi, kwa idara nne. Ratiba ilikuwa kundi la WhatsApp: mtu anaandika "nodi ya tatu ni yangu mpaka Jumatano", na Ijumaa bado yumo. Siku moja mtu akawasha kazi yake kimyakimya kwenye nodi ya mwenzake. Kumbukumbu (RAM) ikajaa, Linux ikaua programu iliyokuwa inakula zaidi, nayo ikawa ya mwenye zamu. Hesabu za siku tisa zikapotea. Hapo ndipo nikaambiwa nitafute programu ya kupanga kazi.

Mojawapo ya programu hizo, HTCondor, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison miaka ya 1980, ingenifaa kama ningekuwa na maabara ya kompyuta zinazolala bure usiku na maelfu ya kazi ndogondogo zisizotegemeana. Nyingine, OpenPBS, ambayo ukoo wake ulianzia NASA, sina ugomvi nayo. Lakini wenzetu wa hali ya hewa wanaendesha kazi moja kwenye nodi nne kwa mpigo, na fundi wa klasta ni mimi peke yangu. Nikachukua ya tatu, Slurm. Ni ya bure, na ukikwama nayo saa nane usiku, karibu kila mara kuna mtu mahali fulani alishakwama hapohapo akaandika alivyojinasua. Kitu cha kwanza kuwasha kilikuwa `ConstrainRAMSpace=yes`, ili anayezidisha kumbukumbu aanguke mwenyewe.

Sasa lile lalamiko. Saluni ninayonyolea Sakina ina vinyozi watatu. Baba anaingia na wanawe wawili, anataka wote watatu wanyolewe pamoja. Viti viwili viko wazi, cha tatu kimebakiza dakika 20. Akitokea kijana wa kuchonga ndevu tu, dakika 10, anakalishwa, na baba hacheleweshwi hata kidogo. Slurm hupenyeza kazi hivyohivyo, ila dakika zenyewe inazisoma kwenye `--time`, yaani muda wa juu wa kazi uliouandika wewe. Kaka yetu aliyelalamika aliandika siku saba. Kazi yake huwa inamaliza kwa saa tatu.

"Niliogopa isije ikakatwa," akasema. Hofu hiyo ina msingi, maana muda ukiisha Slurm inaua kazi kweli. Tukakubaliana aandike `--time=05:00:00`. Ikaanza kabla sijamaliza chai.

Kilichonisumbua zaidi wala hakikuwa foleni. Umeme ulikatika, ukarudi, nodi tano zikaamka, ya sita ikagoma kuzungumza na wenzake. Nilihangaika na mipangilio mchana kutwa. Kumbe nodi za Slurm hutambulishana kupitia Munge, programu ya kutoa na kukagua hati za utambulisho, na Munge ina kawaida ya kukataa hati iliyopita dakika tano. Betri ya saa kwenye ubao mama ilikuwa imekufa, kwa hiyo nodi iliamka ikiamini tuko mwaka 2015. Nikanunua betri ya CR2032 kwa fundi saa, nikaweka chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye nodi zote sita. Betri mbili za akiba ziko kwenye droo yangu, pamoja na bisibisi.