Misheni ya ndani na misheni ya ng'ambo: dhana zinazoyumbisha makanisa, na ukweli wake

Kamati ya misheni ikikaa kupanga bajeti ya mwaka, ubishi huwa ni ule ule. Upande mmoja unauliza fedha zinakwendaje ng'ambo ilhali mtaa wa pili haujafikiwa. Upande wa pili unajibu kwa kusoma Agizo Kuu, lile la Yesu la kwenda kwa mataifa yote. Wote wana nia njema, na mara nyingi wote wanasimamia mambo ambayo hayako hivyo. Zifuatazo ndizo dhana zinazorudi kila mara. Suala la fedha tumelipa nafasi kubwa kwa sababu ndipo watumishi wanapoumizwa zaidi.

Dhana: Tumalize kwanza Yerusalemu yetu, ndipo twende hata mwisho wa nchi

Matendo 1:8 haina ngazi za kupanda. Aya inaunganisha Yerusalemu, Uyahudi, Samaria na mwisho wa nchi kwa neno "na". Hakuna "kisha" wala "baada ya hapo". Tena Yerusalemu haukuwa mji wa nyumbani wa mitume. Aya tatu mbele wanaitwa watu wa Galilaya. Kuuita mtaa wako "Yerusalemu yetu" ni mazoea ya mahubiri, na hayatoshi kuwa msingi wa bajeti.

Litazameni kanisa la Antiokia. Katika Matendo 11 Barnaba na Sauli wanafundisha hapo mwaka mzima, kisha njaa inapotabiriwa kila mtu anatoa kwa kadiri alivyofanikiwa, na msaada unapelekwa Uyahudi. Sura ya 13 inataja manabii na walimu watano, na wawili kati yao wanawekewa mikono na kutumwa. Mwishoni mwa sura ya 14 wanarudi, wanalikusanya kanisa, wanaeleza yote yaliyotendeka, na wanakaa hapo siku si chache. Sura ya 15 inawakuta tena Antiokia wakifundisha pamoja na wengine wengi. Wenyeji walilishwa Neno na mataifa yalifikiwa, na ni watu wale wale waliobeba kazi zote mbili.

Wamoravian nao hawakungoja kutulia. Kijiji chao cha Herrnhut, Ujerumani, kilianza mwaka 1722 kwa wakimbizi wa imani, na kufikia 1732 walikwisha mtuma mfinyanzi Leonard Dober na seremala David Nitschmann kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kwa watu waliokuwa utumwani.

Kinachokwamisha makanisa hapa ni neno "kumaliza", kwa sababu halina kipimo. Kila mwaka kuna mtaa mpya na kizazi kipya. Dawa yake ni waraka mmoja wa mpango wenye malengo ya pande zote mbili kwa tarakimu: vikundi vingapi vya Biblia vitaanzishwa hapa, nani atavisimamia, mmisionari yupi atategemezwa kule, kwa kiasi gani na hadi lini.

Dhana: Uwiano ni kugawa fedha nusu kwa nusu

Nusu kwa nusu inapendeza kwenye karatasi, lakini gharama za kazi hizi mbili hazifanani. Kazi ya ndani hutegemea sana watu wa kujitolea, na mahitaji yake ya fedha ni nauli, vitabu, mafunzo na chumba cha kukutania. Mmisionari wa ng'ambo anabebwa maisha yake yote: makazi, chakula, usafiri, bima ya afya pamoja na ya kusafirishwa akiugua, kibali cha kuishi, ada ya kujifunza lugha, shule ya watoto, akiba ya uzeeni, nauli ya likizo na fungu la dharura. Kosa linaloumiza zaidi ni kamati kupiga hesabu ya posho na tiketi tu. Mwaka wa pili mtoto anafikia umri wa shule, kibali kinataka kulipiwa upya, na familia inaanza kukopa kimyakimya.

Thamani ya fedha nayo inasahauliwa. Tuseme kanisa limeahidi 100 kwa mwezi kwa fedha ya nyumbani. Fedha hiyo ikishuka thamani kwa asilimia 20 dhidi ya ile inayotumika kule, mmisionari anapata 80. Ada ya kutuma ikikata asilimia 5, inabaki 76. Karibu robo ya riziki yake imepotea, na kwenye daftari la mweka hazina ahadi inaonekana imetimizwa kikamilifu.

Utaratibu unaosaidia ni huu. Ombeni bajeti iliyoandikwa kwa fedha ya huko aliko, ibadilisheni kwa kiwango cha siku hiyo, kisha ongezeni asilimia 10 hadi 15 ya tahadhari na mpitie kiwango hicho kila robo mwaka. Ahadi iandikwe kwa miaka mitatu au minne, isiwe ya mwaka mmoja mmoja. Wekeni akiba ya miezi mitatu pamoja na nauli ya familia kurudi nyumbani, na akiba hiyo isiguswe kwa ukarabati wa jengo. Msipokee jina jipya kabla majina yaliyopo hayajatimiziwa.

Hilo la mwisho tunalisisitiza kwa uchungu. Kanisa lenye 100 likiwagawia wamisionari 20, kila mmoja anapata 5. Ikiwa anahitaji 100 ili aishi, lazima awe na makanisa 20, na maana yake ni barua 20 za taarifa na likizo nzima ya kuzunguka makanisa 20 akiwa amechoka. Wamisionari wanne kwa 25 kila mmoja ni majina machache ukutani, lakini kila jina mtalijua, mtaliombea kwa mambo mahususi, na likizo yake itakuwa na siku za kupumzika.

Upande wa ndani nao una ugonjwa wake. Chini ya kichwa "misheni ya ndani" mara nyingi mtakuta sare za kwaya, spika mpya na rangi ya ukumbi. Vyote vinaweza kuwa vya lazima, lakini si misheni. Kwa kila mstari wa bajeti ulizeni: ni nani asiye mshirika wetu atakayefikiwa na fedha hii? Pasipo jibu, mstari huo uhamie kwenye matumizi ya kawaida. Makanisa mengi yakifanya zoezi hili kwa uaminifu hugundua kwamba aliyepunjwa zaidi ni jirani wa karibu.

Dhana: Tofauti ya ndani na nje ni umbali wa safari

Kwenye kongamano la kimataifa la uinjilisti lililofanyika Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, mtaalamu wa misheni Ralph Winter alipanga uinjilisti kwa umbali wa utamaduni: wa kwanza ni kwa watu wa utamaduni wako, wa pili kwa watu wa utamaduni unaokaribiana na wako, wa tatu kwa watu walio tofauti kabisa. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wa kigeni anayepanga nyumba ya tatu kutoka kanisani anaweza kuwa mbali kuliko mtu wa nchi jirani mnayeongea naye lugha moja. Kumfikia kunadai yale yale ya ng'ambo: kujifunza lugha yake hata salamu tu, kujua anachokula na asichokula, na subira ya miaka. Mmisionari anayerudi likizo kutoka eneo linalozungumza lugha hiyo ndiye mwalimu wenu bora. Mpeni jioni nne afundishe watu watakaowatembelea majirani hao.

Dhana: Safari ya wiki mbili inatosha kuwa misheni yetu ya nje

Safari fupi ina faida ikiitwa na wenyeji na ikitumikia mpango wao. Inaharibika pale wageni wanapochagua kazi. Wanapaka rangi ukuta ambao fundi wa pale angeupaka kwa malipo, wanagawa zawadi bila kumuuliza mchungaji mwenyeji, na wakiondoka anabaki na ugomvi wa nani alipewa na nani alirukwa. Jumlisheni nauli, viza, chanjo na malazi ya timu nzima, kisha mlinganishe na bajeti ya mwaka ya kanisa mwenyeji. Mkiona gharama inaipita, semeni wazi kwamba safari hiyo ni mafunzo kwa waendao, na ilipiwe kutoka fungu la mafunzo. Maandalizi yawe ya vikao sita au zaidi, ahadi za papo hapo zipigwe marufuku, na zawadi zote zipitie mikononi mwa viongozi wa pale.

Dhana: Kumlipa mtumishi mwenyeji ni nafuu, na hakuna hatari

Unafuu ni wa kweli, na lugha anayo tayari. Lakini hatari ipo. Karne ya 19 Henry Venn wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, na Rufus Anderson, kiongozi wa misheni wa Marekani, walisisitiza kanisa linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza. Mwaka 1890 John Nevius, aliyekuwa akitumika China, aliwashauri wamisionari waliokuwa Korea waache mtindo wa kuwalipa waongofu kwa fedha ya nje. Leo Korea Kusini ni kati ya nchi zinazotuma wamisionari wengi duniani.

Mchungaji akilipwa yote kutoka mbali, washirika wake hawajifunzi kutoa, naye huanza kuwajibika kwa wafadhili kuliko kwa kundi lake. Msaada ukikatika ghafla, anaondoka. Pangeni msaada unaoshuka tangu siku ya kwanza: 100 mwaka wa kwanza, 75 wa pili, 50 wa tatu, 25 wa nne, na pengo lizibwe na sadaka ya pale. Waambieni washirika wake mpango huo mapema, na uandikwe kwa lugha yao.

Dhana: Asiye na nafasi hapa atafaa kule

Antiokia ilitoa wawili kati ya manabii na walimu wake watano. Asiyewahi kumleta hata jirani kwenye kikundi cha Biblia hatabadilishwa na ndege. Miaka miwili ya utumishi wa ndani unaoonekana, chini ya msimamizi anayetoa taarifa ya kweli, ndiyo mtihani wa chini kabisa.

Dhana: Fedha ya Mungu haihitaji kuulizwa

Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alifuatana na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu katika wingi wa fedha ile (2 Wakorintho 8:18–21). Taarifa ya robo mwaka ijae ukurasa mmoja: kilichopokelewa, kilichotumika, kilichofanyika, kilichoshindikana na sababu yake, na mambo matatu ya kuombea. Fomu iwe moja kwa mwinjilisti wa mtaani na kwa mmisionari wa ng'ambo, na taarifa zao zisomwe katika ibada ile ile, dakika kumi kwa kila mmoja.