Mimea ya pwani inawezaje kuishi na chumvi na mafuriko kwa pamoja?

Sisi wa Kigoma hizi shida mbili tunazijua, ila moja moja. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 likaingia kwenye nyumba na mashamba ya kando, yale yalikuwa maji baridi, yani yasiyo na chumvi. Chumvi nayo tunayo Uvinza, inatoka chini kwenye chemchemi. Sasa mmea wa pwani unakutana na vyote viwili kwa mpigo, af bahari inajaa na kupwa kila siku, hakuna kusema usubiri mafuriko yaishe.

Tuanze na maji. Mzizi unapumua, unatumia oksijeni iliyopo kwenye nafasi ndogondogo za udongo, maji yakijaa pale hewa inatoka, na kwenye maji oksijeni inasambaa taratibu mara kama 10,000 kuliko hewani, yani mzizi unakabwa. Ndo maana mpapai ukizungukwa na maji siku chache tu majani yanageuka njano na kulegea.

Chumvi yenyewe inakausha. Umeshaona samaki kama migebuka wakipigwa chumvi maji yanavyoanza kutoka? Na mzizi ni hivohivo, udongo ukiwa na chumvi kuliko mzizi maji hayaingii, na bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ile inayofanikiwa kupenya nayo ikirundikana kwenye majani inakuwa sumu.

Ila balaa lenyewe liko hapa, na wengi wanaliruka: kuitoa chumvi kunataka nguvu. Seli za mzizi zina vipampu vya kuisukuma nje, vipampu vinataka nishati, na nishati inataka oksijeni, kwahiyo maji yakikata hewa vipampu vinalegea na chumvi inapita. Mmea uliokuwa unavumilia chumvi fulani kwenye udongo wenye hewa unaweza kufa kwa chumvi ileile udongo ukijaa maji.

Mikoko ya Rufiji na pwani nyingine imejipanga pande zote mbili. Mchu, aina moja ya mikoko, unachomoza vimizizi wima juu ya tope, vina vitundu vya kuvuta hewa hadi chini, na chumvi iliyopita inatemwa na majani, unaiona imeganda juu ya jani. Aina nyingine, ile inayoitwa mkoko hasa, inasimama kwenye mizizi mirefu iliyopinda, inachuja zaidi ya asilimia 90 ya chumvi kabla haijapanda juu, na mbegu yake inaota ikiwa bado kwenye mti mama, ikidondoka ni mche tayari.

Sasa kuna wanaosema tuilete tupande ziwani. Mikoko mingi kwenye maji baridi inaweza kuota, shida mimea mingine inakua haraka na kuifunika. Na huku tuna matete na mafunjo, ndani ya mashina kuna njia za hewa mpaka mizizini, mafuriko mimea hii inayamudu vizuri tu, isichoweza ni chumvi ya bahari.