Kabla ya Kuinua Panga, Geuza Jani: Kazi ya Kujitolea City Park, Nairobi

Watu wa kujitolea wakifika City Park kwa mara ya kwanza, huuliza: leo tunapanda miti mingapi? Mimi ninayewaongoza huwajibu kwamba leo hatupandi, tunang'oa. Nyuso hunywea kidogo, maana picha nzuri hupigwa wakati wa kupanda. Lakini msitu huu haujakosa mbegu. Mbegu zipo, zinakabwa.

City Park ina takriban hekta 60 pale Parklands, na sehemu kubwa ni kipande cha msitu wa asili uliokuwepo kabla ya jiji lenyewe. Pembeni yake kuna bustani ya maua iliyopangwa enzi za ukoloni, kisha makaburi. Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965, amezikwa hapa. Karibu naye yupo rafiki yake Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyefariki mwaka 1990. Baada ya vipande vya ardhi ya bustani hii kumegwa na kugawiwa watu binafsi, mwaka 2009 City Park ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi inayolindwa kisheria. Wananchi waliojiunga katika kundi la Friends of City Park walikuwa wameipigania kwa muda mrefu.

Sheria huzuia tingatinga. Lantana, kichaka cha kigeni kinachoenea upesi, haijui sheria. Hiyo, pamoja na sestramu yenye maua ya rangi ya chungwa, ndiyo adui wetu mkubwa. Ndege hula tunda, hudondosha mbegu chini ya mti mwingine, na baada ya mvua mbili tatu hapapitiki tena. Miche ya asili iliyo chini inakosa mwanga, inakufa.

Hapa ndipo bustani ya kihistoria inapotofautiana na msitu wa kawaida. Jakaranda na bogenvilia nazo ni wageni kutoka Amerika ya Kusini, kama lantana tu. Katika bustani ya maua siruhusu ziguswe, kwa sababu zilipandwa kwa makusudi na ni sehemu ya ramani ya mahali hapa na ya Nairobi nzima. Bogenvilia hiyo hiyo ikitambaa hadi msituni, tunaikata. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote tunatembea na kuweka mipaka: hapa inalindwa bustani, hapa unalindwa msitu. Mtu asiyeonyeshwa mpaka huo anaweza kuharibu kwa nia njema kabisa.

Siku moja mwanafunzi wa sekondari alishika mche mwembamba, panga likiwa tayari mkononi. "Mwalimu, na huu?" Nikamwambia ageuze jani. Juu lilikuwa kijani kibichi, chini jeupe kama limepakwa unga. Ulikuwa muhugu, mti ambao wachonga vinyago wameuwinda sana kwa ugumu wa mbao zake. Muhugu una miti dume na miti jike, na mbegu zake nyingi huwa tupu au zimeliwa na wadudu, ndiyo maana kuotesha miche yake kitaluni ni kazi ya subira. Mche uliojiotea wenyewe msituni ni zawadi. Tuliufunga utepe mwekundu, na yule kijana akaanza kugeuza majani ya kila kitu kilichokuwa mbele yake.

Kung'oa nako kuna namna yake. Lantana ukiikata juu tu, kisiki huchipua upya, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Chimba shina na mizizi, utikise udongo, kisha geuza mizizi iangalie jua. Tunafanya kipande kidogo kwa wakati, tukianzia pale ambapo msitu bado ni mzima na kuelekea palipoharibika, ili miti iliyopo itupe mbegu. Ukifyeka eneo kubwa kwa siku moja, mwanga wote huo utaamsha mbegu za lantana zilizolala udongoni.

Ndiyo maana napenda kundi la watu wachache linalorudi kuliko basi zima la wageni wa siku moja. Kila kundi lina kipande chake, na linarudi kila mvua inapokatika kung'oa vichipukizi vikiwa bado vinatoka kwa vidole. Kukarabati kuta za zamani hatuwapi watu wa kujitolea: saruji ya kisasa ni ngumu kuliko chokaa ya zamani, hufungia maji ndani na jiwe likaanza kumeguka. Hiyo ni kazi ya fundi anayeijua chokaa.

Ukija, vaa mikono mirefu na glavu ngumu, kwani shina la lantana linakwaruza. Karanga za kuwalisha kima ziache nyumbani. Kima aliyezoea mkono wa mtu hunyang'anya watoto chakula, na anayeumia mwishowe ni yeye.