Tingatinga si Urithi wa Mababu

Kila muhula nasahihisha insha zinazofunguliwa kwa sentensi ileile: Tingatinga ni sanaa ya jadi iliyorithiwa kutoka kwa mababu. Sentensi hiyo nimeikata kwa wino mwekundu mara nyingi kiasi kwamba sasa naifahamu kabla sijaisoma.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mtindo huu wa uchoraji unabeba jina lake, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, miaka saba baada ya Uhuru wa Tanganyika. Alichora kwenye vibao vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile iliyotumiwa kupaka baiskeli, na picha zake ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, ambako wateja wengi walikuwa wageni. Ubao wa kiwandani, rangi ya dukani na mnunuzi mgeni: hakuna hata kimoja ambacho babu wa babu angekitambua. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, hivyo muda wake wote wa uchoraji haukuzidi sana miaka minne, na mtindo ulidumu kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na marafiki, ambao baadaye walijiunga katika ushirika. Wapo wanaotafuta chimbuko lake katika michoro ya kuta za nyumba za udongo kule kusini; hata wakiwa na hoja, kuvutiwa na jambo la zamani si sawa na kulirithi.

Kinachoniudhi zaidi si kosa la tarehe. Kazi ikishaitwa ya jadi, mchoraji hupoteza jina, kwa kuwa jadi haiulizwi nani aliifanya wala lini. Hakuna anayeandika kwamba picha za Picasso, mchoraji wa Uhispania, ni mila za Wahispania. Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi wangu waandike jina, mwaka na malighafi kabla ya kivumishi chochote, nao hunung'unika.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Si kila picha ya twiga na machweo ni Tingatinga. Vinyago vya Kimakonde vya mitindo ya shetani (viumbe vya kimizimu) na ujamaa (watu walioshikamana nguzo moja), ambavyo navyo huuzwa kama vya kale, ni matunda ya karne ya 20. Wanaosema usasa katika sanaa ulizaliwa Ulaya bila msaada wa yeyote wakumbuke kwamba mwaka 1907 Picasso aliviona vinyago vya Afrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro jijini Paris, na athari yake ikajitokeza wazi katika michoro yake. Na anayedhani wachoraji wetu wote walijifunza barabarani amtazame Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere na kisha katika chuo cha sanaa cha Slade jijini London, na ambaye picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.