Ukurasa wa Mpira Uliobadili Jina: Jinsi Serikali za Nje Zinavyoingia Katika Uchaguzi wa Wengine

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Lubumbashi alianzisha ukurasa wa Facebook wa mashabiki wa mpira akiwa bado katika shule ya sekondari. Aliulea kwa miaka kadhaa kwa picha za mechi, matokeo ya kila Jumapili na matani kati ya watu wa Mazembe na watu wa Lupopo, hadi ukapata wafuasi elfu kadhaa. Siku moja mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa matangazo alimwandikia kwa Kifaransa safi akitaka kuununua, na kijana, ambaye wakati huo alikuwa anadaiwa ada, akakubali dola mia na hamsini zilizofika kwa simu. Baada ya wiki chache ukurasa ulibadilishiwa jina, mpira ukapungua, na mahali pake zikaanza kuonekana habari za siasa: nani ni mwana wa nchi na nani ni wa kuja, nani ameuza madini yetu, tume ya uchaguzi imekwisha kupika matokeo. Wafuasi hawakuondoka. Mtu hana desturi ya kusoma upya kibao cha duka ambalo amezoea kununua mkate.

Ukurasa kuuzwa peke yake si ushahidi kwamba kuna serikali nyuma yake, kwani mara nyingi mnunuzi ni mfanyabiashara tu, au mwanasiasa wa hapa hapa. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mlango huo ndio ambao serikali za nje nazo hupitia, wakati maswali mengi tunayopokea katika vikao vyetu vya elimu kwa umma yanaulinda mlango mwingine. Watu hudhani kuingilia uchaguzi ni kuvunja kompyuta za CENI, tume yetu ya uchaguzi, na kubadilisha hesabu za kura. Kazi hiyo ni ngumu, inaacha alama, na karatasi za matokeo zilizotiwa saini kituoni zinaweza kuifichua. Kubadilisha yaliyo kichwani mwa mpiga kura, au kumfanya asiamini kura yoyote, ni rahisi zaidi.

Tuweke kwanza mipaka ya jambo lenyewe. Balozi anayesema hadharani kwamba nchi yake ingependa uchaguzi uwe wa haki, au redio ya nje inayowahoji wagombea wetu kwa jina lake na katika masafa yake, haingilii uchaguzi kwa maana ninayoikusudia, hata kama maneno yake yanatuudhi. Ninazungumzia serikali, au mtu anayetumwa nayo, anayeficha utambulisho wake, akajivika sura ya mwananchi, na akasambaza kwa makusudi habari anayojua kuwa ni ya uongo au aliyoikata vipande ili ipotoshe. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya mwaka 1986 kati ya Nikaragua na Marekani, ilisema kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua kwa uhuru mfumo wake wa kisiasa, na kwamba nchi nyingine ikiingilia uamuzi huo kwa shuruti inavunja sheria. Kesi ile ilihusu silaha na waasi. Kama uongo unaopita kwenye simu nao ni shuruti, wanasheria bado wanabishana.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni ule wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016. Katika jiji la St. Petersburg, Urusi, palikuwa na kampuni iliyoajiri watu wa kukaa mbele ya kompyuta na kujifanya Wamarekani. Mfadhili wake alikuwa Yevgeny Prigozhin, yule yule ambaye Waafrika wengi walimjua kwa jina la Wagner, kundi lake la askari wa kukodiwa. Mwezi wa Februari 2018 mwendesha mashtaka maalumu wa Marekani, Robert Mueller, alishtaki Warusi 13 na kampuni 3 kwa kazi hiyo, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akashtaki maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa kuiba barua pepe za chama cha Democratic na kuzitoa hadharani. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba watu hadi milioni 126 huenda waliona maandishi ya kampuni ile. Prigozhin alikanusha kwa miaka, kisha mwezi wa Novemba 2022 akasema bila haya kwamba walikuwa wameingilia, wanaingilia na wataendelea kuingilia.

Tukio ambalo huwasimulia wanafunzi wangu ni dogo. Tarehe 21 Mei 2016, mbele ya kituo cha Kiislamu katika jiji la Houston, Texas, walikutana watu wa makundi mawili, kila kundi upande wake wa barabara, wakizomeana huku polisi wakisimama katikati. Kundi moja liliitwa na ukurasa wa Facebook uliotaka Texas ijitenge na Marekani na uliodai kwamba jimbo linasilimishwa. La pili liliitwa na ukurasa uliojidai kuwa wa Waislamu wa Marekani. Kurasa zote mbili zilikuwa za watu wale wale wa St. Petersburg, na kamati ya Seneti iliyolichunguza jambo hilo ilieleza kwamba matangazo ya kuwaita watu yaligharimu kiasi cha dola 200 hivi. Hakuna aliyelipwa kusimama pale barabarani. Kila mmoja alikwenda kwa hasira yake mwenyewe, na hasira ile ilikuwa ya kweli.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wa Katanga, eneo letu hili, asimame kidogo. Mgeni hakuleta kidonda. Alikikuta, akatia chumvi. Sisi tuna vya kwetu. Kila mtu mzima wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anakumbuka au amesimuliwa miaka ya 1992 na 1993, wakati laki kadhaa za watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walipofukuzwa Katanga, wengi wao wakisubiri treni kwa wiki nzima kwenye stesheni. Mtu anayetaka kuvuruga uchaguzi wetu akiwa mbali hahitaji kubuni chochote kipya. Atatafuta picha ya zamani ya stesheni, ataiandikia tarehe ya jana, na atangoja.

Lakini mgeni ana udhaifu mmoja, nao ni lugha. Mwanzoni mwa kampeni moja nilionyeshwa ujumbe wa maandishi uliodaiwa kuwa wa mama muuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ukisema: «Nimefika kituoni nikaona watu wakibeba masanduku ya kura usiku.» Darasa zima lilicheka. Mama wa soko la Kenya angesema kwa Kiswahili cha hapa «minaona bantu», wala asingeandika Kiswahili cha taarifa ya habari ya Dar es Salaam. Mwandishi wa ujumbe ule, awe nani, alikuwa ametafsiri. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa fedha nyingi wameacha kuigiza wenyeji, wakaanza kuwakodi.

Mwezi wa Oktoba 2019 Facebook ilifuta mitandao ya kurasa iliyohusishwa na Prigozhin na iliyolenga nchi nane za Afrika: Madagaska, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Msumbiji, Côte d'Ivoire, Kamerun, Sudan, Libya, na Kongo yetu. Safari hii hazikuwa akaunti bandia peke yake, kwani ndani yake zilichanganywa akaunti za raia halisi wa baadhi ya nchi hizo. Mwezi wa Machi 2020 ukafichuliwa mtandao mwingine, ambao ofisi yake ilikuwa Ghana: vijana wa Kiafrika walioajiriwa na shirika lililojiita la hiari walikuwa wakiandika kuhusu ubaguzi wa rangi kwa ajili ya wasomaji wa Marekani, na wengi wao hawakujua kazi ile ilikuwa ya nani. Mshahara ulikuja, simu zilitolewa bure, na mada ilikuwa ya haki.

Tusidhani kwamba mchezo huu una mchezaji mmoja. Tarehe 15 Desemba 2020, siku 12 kabla ya uchaguzi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Facebook ilitangaza kufuta mitandao iliyokuwa ikipigana huko: upande mmoja ya Kirusi, upande wa pili mtandao uliohusishwa na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Pande zote mbili zilijifanya wenyeji wa Bangui, na zilifikia hatua ya kujibizana na kuitana wazushi. Iran nayo, mwezi wa Oktoba 2020, ilitajwa na serikali ya Marekani kuwa ndiyo iliyowatumia wapiga kura barua pepe za vitisho zilizojifanya zimetoka kwa kundi la Wamarekani. Marekani yenyewe haiwezi kuapa kuwa na mikono misafi, kwani majasusi wake walimwaga fedha katika uchaguzi wa Italia mwaka 1948, na katika nchi yetu walishughulika mwaka 1960 kumwondoa waziri mkuu aliyetokana na kura za mwezi Mei.

Mji huu unajua zaidi ya hapo. Waziri mkuu huyo, Patrice Lumumba, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, mbele ya viongozi wa Katanga iliyojitenga na maofisa wa Kibelgiji. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza hapa hapa mjini kwamba Lumumba alitoroka na kuuawa na wanakijiji, ambao kijiji chao hakukitaja. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikuja kusema mwaka 2001 kwamba nchi hiyo ina dhima ya kimaadili. Kijiji kisicho na jina ni babu wa ukurasa usio na mwenyewe.

Baada ya lugha, jambo la pili la kuangalia ni saa. Uongo wa uchaguzi hupenda saa za mwisho, wakati mgombea hana tena muda wa kujibu. Ufaransa, jioni ya Ijumaa tarehe 5 Mei 2017, maelfu ya nyaraka zilizoibwa kutoka timu ya Emmanuel Macron zilimwagwa mtandaoni, zikiwa zimechanganywa na za kughushi, muda mfupi kabla ya usiku wa manane ambapo sheria inazuia kampeni. Tume ya kusimamia kampeni iliviomba vyombo vya habari visizichapishe, na kwa sehemu kubwa vilitii. Jumapili Macron alishinda. Serikali ya Ufaransa ilikuja kuitaja rasmi idara ya ujasusi wa jeshi la Urusi mwezi wa Aprili 2025, yaani baada ya miaka minane. Slovakia, siku chache kabla ya kura ya tarehe 30 Septemba 2023, ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia akipanga kuiba kura, na hadi leo wengi huihusisha na nchi fulani kwa mazoea tu. Anayekwambia kwa hakika, siku ile ile, ni serikali gani iliyotengeneza sauti unayoisikia kwenye kikundi cha WhatsApp, huenda naye anakuuzia kitu.

Je, uongo huu hubadilisha matokeo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu akaunti za Kirusi katika Twitter mwaka 2016 uligundua kwamba asilimia 1 ya watumiaji ndio waliokutana na asilimia 70 ya maandishi hayo, wengi wao wakiwa tayari na msimamo, na haukuona dalili kwamba walibadili kura. Mimi naona madhara makubwa zaidi yako kwingine. Romania, tarehe 6 Desemba 2024, Mahakama ya Katiba ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, ambayo Călin Georgescu alikuwa ameongoza baada ya kampeni kubwa ya TikTok huku akitangaza kutotumia hata senti moja. Wananchi walirudia kura mwezi wa Mei 2025. Dawa hiyo huenda ilihitajika, lakini ni chungu: mamilioni waliambiwa kura yao imekwenda bure, na wasiwasi huo ndio bidhaa ambayo mvurugaji alitaka kuiuza tangu mwanzo.

Sisi tuliwahi kujaribu dawa nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilizimwa nchini kote kwa takriban wiki tatu. Uzushi haukuzimwa; ulipanda taxi-bus, ukafika mitaa ya Katuba na Ruashi bila mega hata moja, na waliokuwa na uwezo wa kuukanusha ndio walionyamazishwa. Ninaogopa pia tabia ya kumwita kila mkosoaji wakala wa nje. Mwandishi wa habari wa hapa anayeuliza kwa nini kituo fulani kilifunguliwa saa sita mchana anafanya kazi yake, na serikali inayompa jina la mgeni inamfanyia mgeni halisi kazi nusu.

Kinachosaidia ni kitu kinachoshikika. Sheria ya uchaguzi inataka matokeo yabandikwe mbele ya kila kituo na kuchapishwa na CENI kituo kwa kituo. Picha ya karatasi hiyo, yenye namba ya kituo na saini za mashahidi wa vyama, ina uzito kuliko sauti kumi za WhatsApp. Na kwa kurasa za Facebook, kuna sehemu inayoitwa kwa Kifaransa «Transparence de la Page», inayoonyesha tarehe ukurasa ulipoanzishwa, majina yote uliyowahi kuitwa na, kwa kurasa nyingi kubwa, nchi wanamokaa wanaousimamia.

Tuliufungua ukurasa wa yule mwanafunzi darasani, ukitupwa ukutani kwa projekta. Majina matatu kwa miaka miwili, la kwanza likiwa la mpira. Wasimamizi walikuwa katika nchi mbili, na mmoja wao alikuwa Kongo. Nilipomsomea kifungu cha 360 cha Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023, kinachompa mwezi mmoja hadi sita gerezani mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mwingine, aliuliza huyo wa Kongo ni nani. Alikuwa ni yeye: mnunuzi hakuwahi kumwondoa. Alitoa simu mfukoni akajiondoa pale pale, projekta ikiwa bado inawaka.