Chaneli si sauti ya kwaya: kuandika muziki wa gemu kwa piano peke yake

Wapiga kinanda wengi wa Mtwara na Lindi wametokea kwaya. Solfa waliisoma kabla ya stafu (mistari mitano ya kuandikia noti), na sikio lao likisikia wimbo wowote linaupanga lenyewe: soprano, alto, tena, besi. Ndiyo maana wakiambiwa kwamba Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na chaneli nne tu za sauti, wanaona kuuhamishia muziki wake kwenye piano ni kazi nyepesi. Chaneli nne, sauti nne, kilichobaki ni kunakili. Matokeo yake ni karatasi isiyo na noti hata moja ya uongo, lakini ukiipiga haifanani na gemu, na mahali pengine inadai mkono wa tatu.

Kosa liko kwenye hiyo hesabu ya nne kwa nne. Chaneli mbili za Game Boy hutoa mawimbi ya mraba, ya tatu hutoa wimbi ambalo mtunzi amelichora mwenyewe, na ya nne ni kelele tupu, mchakacho unaofanya kazi ya ngoma na matoazi. NES, mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ina mraba mbili, pembetatu moja ambayo kwa kawaida hubeba besi, kelele, na chaneli ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Alto na tena tayari wamekosa kiti. Halafu ile mraba ya pili mara nyingi ni mwangwi tu: inarudia melodi ileile, imechelewa kwa nusu biti (biti ni pigo moja la mdundo) au robo, kwa sauti ndogo zaidi, wakati mwingine imepindishwa kidogo ili isikike nene. Ukiiandika kama alto, vidole vinagongana kwenye funguo zilezile na melodi inashikwa na kigugumizi. Kwenye piano mwangwi huo ni kazi ya pedali, au uachwe kabisa. Mimi huuacha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika noti yoyote, jua kila chaneli inafanya nini. Njia bora ni kupata faili za muziki wenyewe, NSF kwa NES au SPC kwa Super Nintendo, na kuzipiga kwenye programu inayokuruhusu kuzima chaneli moja moja. Bakiza pembetatu, andika besi. Kisha bakiza mraba ya kwanza, andika melodi. Kama una rekodi ya kawaida tu, iingize kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity na upunguze tempo hadi nusu bila kushusha toni. Vaa hedifoni. Spika ya simu itakudanganya kwenye besi, na sababu yake ni ya kifizikia: A2 (namba ni ya oktava, C4 ikiwa ndiyo do ya katikati ya piano) ni Hz 110, chini mno kwa spika ndogo. Ala nyingine hujiokoa kwa toni za juu zinazoambatana na noti, lakini wimbi la pembetatu ni fukara wa toni hizo. Matokeo yake besi inapotea, au unaiandika oktava moja juu ya ilipo.

Angalia pia rekodi imetoka kwenye mashine ya wapi. NES za Japani na Marekani ziliendeshwa kwa takribani picha 60 kwa sekunde, nyingi za Ulaya kwa 50, na muziki hufuata hesabu ya picha. Wimbo ambao biti yake moja inachukua picha 24 unakwenda biti 150 kwa dakika kwenye mashine ya kwanza. Kwenye ya pili, kama watengenezaji hawakuurekebisha, unakwenda 125. Saa ya prosesa nayo ni ya polepole zaidi, kwa hiyo toni hushuka kwa nusu toni na ushee. Ukikuta kila noti inaangukia katikati ya funguo mbili za kinanda chako, usililaumu sikio.

Sasa kinanda chenyewe. Piano ya nyuzi ina funguo 88, A0 hadi C8, ila ukanda huu ni nadra kuikuta, na hewa ya chumvi ya pwani haina urafiki nayo: nyuzi zinashika kutu, mbao zinavimba, funguo zinakwama. Kilichopo kanisani, iwe Mikindani au Nachingwea, mara nyingi ni kinanda cha umeme cha funguo 61, C2 hadi C7. Andika kwa ajili ya hicho. Besi isishuke chini ya C2. Melodi ikipanda sana, ishushe oktava nzima kuanzia mwanzo wa sentensi ya muziki, usiikate katikati. Vinanda vya bei nafuu havitofautishi kubonyeza kwa nguvu na kubonyeza polepole, kwa hiyo alama za *p* (sauti ndogo) na *f* (sauti kubwa) hazitaiokoa melodi iliyozikwa. Itenge kwa nafasi: acha angalau oktava moja kati yake na mkono wa kushoto. Pedali nayo huenda haipo, au ipo na waya wake umekatika, kwa hiyo kila kinachotakiwa kudumu kishikike kwa kidole. Na kabla hujasema noti zimekosewa, hakikisha kitufe cha kuhamisha funguo (transpose) kiko sifuri na mdundo wa kujiendesha umezimwa. Wanaopiga kila wimbo kwa C meja wanakijua vizuri kitufe hicho.

Tuchukue mfano. Tetris ya Game Boy ilitumia wimbo wa kienyeji wa Kirusi wa karne ya 19, Korobeiniki. Melodi yake haina mwenye hakimiliki, kwa hiyo ni shamba zuri la kujifunzia. Katika A maina, mizani ya 4/4, kipimo cha kwanza ni E5 biti moja, B4 na C5 nusu nusu, D5 biti moja, C5 na B4 nusu nusu; kwa solfa, m t d r d t, ambapo kila t ni ya chini. Cha pili: A4 biti moja, A4 na C5 nusu nusu, E5 biti moja, D5 na C5 nusu nusu. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si ile ya TRA) ni E meja kisha A maina.

Mkono wa kushoto una njia mbili. Ya kwanza ni oktava za kuruka, E2 na E3 kwa zamu, noti nane kwa kipimo, kisha A2 na A3. Inakaribia sana mwendo wa gemu, lakini kwa biti 150 hizo ni noti 300 kwa dakika, na anayenyanyua mkono mzima badala ya kuzungusha kifundo atachoka kabla ya ukurasa wa pili. Ya pili ni besi kwenye biti ya 1 na ya 3, kodi ya noti mbili au tatu kwenye ya 2 na ya 4, kati ya E3 na B3. Naipendelea hii kwa sababu inabeba pia ile chaneli ya kelele: besi inashika nafasi ya ngoma kubwa, kodi fupi inashika nafasi ya ngoma ndogo. Usijaribu kuiandika kelele kama noti. Haina toni ya kuandika.

Mkono wa kulia ongeza noti moja tu ya ndani, na kwenye biti ya 1 na ya 3 peke yake: G kali (sharp) ya oktava ya 4 chini ya E5 na chini ya D5, kisha E4 chini ya A4, halafu A4 chini ya E5. Ukijaza kila noti, kasi inakufa. Chini ya C3 usiweke noti mbili zenye umbali wa tatu, kama E2 na G2 kali. Zinanguruma kama jenereta. Huko chini tumia oktava au umbali wa tano. Oktava karibu kila mtu mzima anaifikia, umbali wa kumi wengi hawaufikii, hivyo uvunje noti moja baada ya nyingine.

Utakutana na sauti inayotetema kama jogoo aliyekabwa. Hiyo ni kodi: chaneli inaweza kutoa noti moja tu kwa wakati, kwa hiyo gemu huzungusha noti tatu kwa kasi ya picha moja kila moja, hadi sikio lizisikie pamoja. Kwenye piano iandike kodi ya kushikwa. Ukiingiza faili ya MIDI moja kwa moja kwenye MuseScore, programu ya kuandikia noti, sehemu hizo hujaa noti ndogondogo zilizofungwa kwa tao. Ni haraka zaidi kuandika upya kwa mkono kuliko kuzisafisha.

Noti ndefu ni shida ya upande wa pili. Mraba inadumu kwa nguvu ileile, ya piano inafifia. Ikizidi biti nne, ipige tena kwenye biti ya tatu au uipe mkono wa kushoto mwendo zaidi.

Muziki wa gemu hauna mwisho, unarudi tu ulikoanzia. Weka alama za marudio na vichwa viwili vya 1 na 2 (miisho ya marudio ya kwanza na ya pili), kisha tunga vipimo viwili hadi vinne vya kumalizia kwenye kodi ya nyumbani (kwa mfano wetu, A maina). Nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya gemu, tofauti na Korobeiniki, zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahesabu mpangilio kuwa ni kazi iliyotokana na ya mwingine. Kabla ya kuuza nakala, omba ruhusa.

Steshenari waambie wachape PDF kwa asilimia 100 kwenye A4. Mashine ikiachiwa ipunguze yenyewe ili kutosheleza ukurasa, stafu ya milimita 7 inasinyaa. Jozi nne au tano za stafu kwa ukurasa zinatosha. Panga ukurasa uishe pale mkono mmoja unapopumzika, na gundisha karatasi ubavuni kwa selotepu, maana feni ya kanisani haisubiri kipimo cha mwisho.