Jenomu ya mbu iliyo mtandaoni si ya mbu wa Kisauni

Dengue au chikungunya ikizuka hapa Mombasa, utasikia: jenomu ya mbu (mfuatano wote wa DNA yake) si ilishasomwa, iko mtandaoni, sasa watafiti wanakamata mbu Kisauni wa nini?

Kusomwa ilisomwa. Ile ya Aedes aegypti, mbu wa mchana anayeeneza maradhi hayo na kuzaliana kwenye mitungi na matairi, ilichapishwa 2007, ikaboreshwa sana 2018. Yeyote huipakua NCBI, hifadhi ya Marekani ya data za jeni, bila kulipa hata senti.

Lakini hiyo ni jenomu ya marejeo, iliyotoka kwa ukoo wa mbu wa maabara uitwao Liverpool. Mbu wetu ameishi na dawa za kupuliza na koili miaka nenda miaka rudi. Badiliko dogo kwenye jeni ya njia za sodiamu katika neva zake laweza kumfanya astahimili pairethroidi, dawa zilezile za kwenye vyandarua, na hulioni mpaka umsome yeye mwenyewe, kisha umlinganishe na yule wa Liverpool. Data yake nayo ipandishwe hifadhini, na mahali alipokamatwa paandikwe (hapa ndipo wengi huzembea). Mfuatano usiotaja mahali haumsaidii sana anayechagua dawa ya kupuliza Mombasa.